Futi Sitini Zilizopotea Naivasha

Nilipokuwa mdogo, nikishikwa na homa, bibi yangu alikuwa akinipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Bondeni, Nakuru, niandikiwe kombe. Watoto wa siku hizi sidhani wanalijua. Mwalimu alichukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa wino wa zafarani, mstari chini ya mstari, hata sahani ikawa ya manjano. Kisha akamimina maji, maandishi yakayeyuka, nami nikapewa ninywe yote, nisibakishe. Kwa hivyo mimi herufi nilizinywa kabla sijazisoma. Kama zilinitibu au homa ilichoka yenyewe, siwezi kuapa. Ninachokumbuka ni mkono wa yule mwalimu. Ulikuwa mkono wa mzee, umejaa mishipa, lakini ukishika kalamu ulitulia kama paka aliyeona panya. Nilitamani mkono ule kuliko nilivyotamani kupona.

Basi chuoni nikaiga. Nilikuwa mzito wa kukariri, nikichapwa kila wiki, ila mwandiko wangu hakuna aliyeugusa. Shule ya serikali niliishia darasa la tatu. Nikiulizwa sababu huwa nasema baba alifariki, na ni kweli alifariki, lakini alifariki mimi nikiwa nimeshaacha shule mwaka mzima. Niliacha kwa sababu ya hesabu. Hesabu ya kutoa niliiweza. Ya kugawanya ilinishinda nikaona aibu, nikatoka dirishani.

Mkono ule ndio ulionipa kazi. Karibu na wakati wa Uhuru nilikuwa napaka maandishi kwenye malori, gereji moja ya Mhindi, nyuma ya stesheni ya gari moshi. Malori ya mbao kutoka Elburgon, malori ya viazi kutoka Kuresoi yakiwa na tope mpaka kwenye vioo, yote yalitaka maneno mbele na nyuma. Nilimwandikia mtu mmoja MUNGU NI MKUBWA, nikasahau W. Mwenye lori hakujua kusoma, na mimi sikurudia kusoma. Akatembea na MKUBA mwaka mzima mpaka katekista akamwambia. Nilipomwona anaingia gereji nilishika bisibisi, nikijua leo tunapigana. Akasema tu, "Kijana, kuna herufi yangu ulibaki nayo." Nikaipachika juu kati ya B na A, imekaa kama njiwa kwenye waya. Nilikaa gereji ile miaka mingi, na rangi ikanikalia kifuani, nikawa nakohoa asubuhi kama mzee.

Sasa waya. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikuja Mzungu kijana, pengine kuliko mimi, na pikapu imebeba gurudumu kubwa la mbao lililozungushiwa waya mweusi mnene. Alitaka waya ule upakwe alama nyeupe kila baada ya futi kumi, kutoka mwanzo mpaka mwisho, futi mia saba. Nilikaa nao siku mbili uani, nikipima kwa ukanda, nikipaka, nikingoja ukauke. Alipokuja kuuchukua aliona pia ubao nilioandika bei za gereji. Akauangalia sana.

"Wewe najua kuandika namba kama hii, mdogo mdogo, kwa kitabu?"

"Najua, bwana."

"Shule nafika wapi?"

"Darasa la saba," nikasema. Sikupepesa jicho.

Ndivyo nilivyofika ziwani Naivasha.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyoielewa, maana hata yule bwana alikuwa akinieleza kwa fimbo mchangani. Kampuni yao ilikuwa inatafuta maji ya moto chini ya ardhi. Nchi kavu walishachimba. Sasa walitaka kujua kama ule moto unapita chini ya ziwa. Basi wakafunga mbao juu ya mapipa matupu, ikawa chelezo kubwa kama ua wa nyumba, wakaisimamisha majini kwa nanga nne. Juu yake mashine ya kuchimba. Mabomba yanashuka, yanapita maji, yanapita tope, yanaingia mwambani. Shimo likiisha, wachimbaji wanakaa kando na sisi wa vipimo tunaingia.

Kipimo kilikuwa bomba fupi la shaba lenye ncha, tulikiita risasi. Kinafungwa mwisho wa waya, kinateremshwa shimoni polepole, na joto kinalolikuta huko chini linapanda na waya mpaka kwenye sanduku lenye mshale. Mimi nilikaa na sanduku ndani ya kihema cha turubai, kwa sababu jua likipiga kioo huoni mshale. Nje, kwenye winchi ya kuteremshia waya, alikaa mzee mmoja Mkikuyu aliyetoka Elburgon, mtu wa mashine za mbao zamani, mikono kama mizizi. Kila alama nyeupe ikifika mdomo wa shimo, alifunga breki na kuita hesabu. Mimi nangoja mshale utulie, naandika, napiga kelele "Haya!" naye anaachia. Jioni, kambini, nilikuwa natia nukta za zile namba kwenye karatasi ya miraba, kina kwa huku, joto kwa huku, kisha naziunganisha kwa penseli. Mstari ukikunjika ghafla, hapo ndipo maji ya moto yanapoingia shimoni. Bwana alikuwa akiutazama mstari ule kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Nilimpenda yule mzee. Tulikuwa hatuonani kazini, turubai liko katikati, lakini tulijuana kwa sauti. Asubuhi ananiuliza, "Karani, umelala?" Namwambia nimelala. "Viboko je?" Kwa maana usiku viboko hutoka majini kula nyasi hapo hapo kwenye mahema, na mimi nilikuwa nawaogopa kuliko kifo. Alinicheka kwa hilo. "Mswahili wa mji," alisema, "unaogopa ng'ombe ya maji."

Mashimo mawili ya kwanza yalikuwa mafupi, karibu na ukingo, hayakufika futi tisini. Hatukukosea kitu. La tatu ndilo lilikuwa refu. Mkuu wa wachimbaji alikuwa Singasinga mzee, wote tulimwita Sardarji, mtu wa kilemba safi hata katikati ya tope. Alishusha mabomba thelathini, kila moja futi ishirini. Futi mia sita. Alizihesabu mwenyewe na kuziandika kwa chaki mlangoni mwa kibanda chake.

Tukapima siku tatu, mara moja kila siku, kwa sababu shimo jipya lazima liachwe lirudie joto lake. Na siku zote tatu, risasi ilipogota chini, kitabu changu kilisema futi mia tano na arobaini.

Jumamosi bwana akatuita, mimi na Sardarji. Kitabu changu kilikuwa wazi mezani, na hakukaa.

"Futi sitini iko wapi?"

Sardarji akanitazama, kisha akamtazama bwana. "Shimo yangu iko safi kama kikombe. Hakuna kitu naanguka ndani."

"Basi waya ni mbaya. Nani napaka waya?"

Nilipaka mimi. Kila mtu pale alijua nilipaka mimi.

Kisha bwana akaweka kidole kwenye ukurasa. Alikuwa ameona jambo jingine. Kila namba ya tisa nilikuwa nimeipiga mstari na kuandika nyingine pembeni. Kila tisa, bila kukosa, ukurasa kwa ukurasa.

"Hapa nafuta. Hapa nafuta. Hapa nafuta. Kwa nini?"

"Mshale ulikuwa haujatulia, bwana. Ukatulia nikasahihisha."

"Kila mara ya tisa?"

Nilijua sikudanganya, lakini hata mimi nikiutazama ukurasa ule niliona mtu mwongo. Bwana akasema Jumatatu asubuhi ataamua. Kama shimo limeziba, Sardarji atalichimbua upya, wiki mbili za kazi. Kama ni kitabu, karani atarudi Nakuru, na vipimo vyote vya siku tatu vitatupwa.

Kurudi gereji sikuogopa sana, ingawa kifua kilikuwa kimepoa na hewa ya ziwa. Niliogopa kwamba watasema ni kwa sababu hakusoma. Kwamba watachimba kidogo tu na kukuta darasa la tatu chini yake. Nikajiambia, wewe, hesabu ilikutoa dirishani mara moja, haikutoi tena. Sitoki hapa mpaka nijue futi sitini zimekwenda wapi.

Nikaenda kwa Sardarji kuazima ukanda wake wa chuma wa kupimia.

"Nataka kupima nini, fundi wa rangi?"

"Waya, Sardarji. Wote."

"Ukikuta waya ni sawa, basi nataka kusema shimo yangu ni mbaya?"

"Nikikuta waya ni sawa, sijui nitasema nini."

Hilo lilimfurahisha. Alinipa ukanda, akaniambia nikiukunja ataninyoa. Mtu ambaye mwenyewe hajawahi kunyolewa, nikacheka hata na shida yangu.

Jumapili mzee alikwenda kanisani kwanza, na nilimngoja, kwa sababu kufungua gurudumu lile si kazi ya mtu mmoja. Alipovua koti lake la ibada tukauvuta waya kando ya ziwa, kwenye njia ya viboko, kati ya mafunjo na miti ya migunga. Ulinyooka mpaka ukapotea kwenye kona. Nikapiga magoti, nikapima alama kwa alama. Jua lilikuwa kali, na mavi ya kiboko sitaki kuyataja. Mzee alishika upande wa pili wa ukanda na kila mara aliuliza, "Sawa?" nami najibu, "Sawa." Sabini zote, sawa. Mkono wangu haukuwa umekosea hata unene wa kidole.

Nilipaswa kufurahi. Nikakaa chini. Kama waya ni mzima na shimo ni zima, basi ubaya uko kwangu.

Mzee akasema, "Karani, usikae hapo, kuna siafu."

Nilisimama kwa sababu ya siafu, kweli nawaambia, na katika kujipangusa nikamwambia, "Mzee, hebu tufanye kama kazini. Wewe tembea juu ya waya uite kama unavyoita kule. Mimi nitakufuata na kitabu."

"Hii ni mchezo ya watoto."

"Cheza nami, mzee wangu. Kesho nafukuzwa."

Akaenda akachukua kopo lake la majani ya chai, lile la kazini, lenye vijiwe. Kila hesabu yake ilipojaa alikuwa akitia kijiwe kimoja koponi, kisha anaanza tena moja. Hilo nililijua. Mwisho wa kazi alikuwa ananipigia kelele idadi ya vijiwe, nami nazidisha. Akaanza kutembea, anasimama kwenye kila alama.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Mimi nyuma yake naandika. Nne, tano, sita, saba, nane.

"Kenda!"

Nikaandika. Akapiga hatua zake, akafika alama iliyofuata, akasimama.

"Kenda kamili!" Na kijiwe, ngwe, koponi.

Kalamu yangu ilikuwa inarudi yenyewe kufuta ile namba ya kwanza. Mkono umezoea. Lakini safari hii palikuwa hapana turubai. Nilimwona ametembea. Futi kumi nzima ametembea.

"Mzee, hapo umesema nini?"

"Kenda kamili."

"Na pale nyuma?"

"Kenda."

"Sasa kumi iko wapi?"

Akageuka, akanitazama miguuni. "Umeikanyaga."

Lazima nieleze hapa, maana wajukuu wangu hawasemi tena kenda. Nyumbani kwetu Bondeni, kwa bibi, tisa ilikuwa kenda. Kiswahili cha zamani. Na kamili ni kamili, saa tatu kamili, shilingi tano kamili. Kwa hivyo nilipomsikia anaita kenda, niliandika ya tisa. Alipoita kenda kamili, mimi ndani ya hema nikaelewa anasema sasa waya umekaa sawasawa, sasa ndiyo tisa yenyewe. Nikatazama mshale, nikauona umesogea kidogo, nikafuta ya kwanza nikaandika ya pili. Kila kijiwe nikakizidisha kwa tisa. Wala sikuwahi kumuuliza, kwa sababu neno lilikuwa la nyumbani kwangu. Lingekuwa neno geni ningeuliza siku ya kwanza. Sikujua kwamba kwao pia kenda ni tisa, na ile tisa ikijaa ndiyo kumi, ambayo mzee haitaji.

"Kwa nini hutaji, mzee?"

"Watu na mifugo, kwetu, unahesabu mpaka kenda, na inayofuata hutaji jina lake. Unaita kenda iliyojaa, Mungu anaelewa. Ukitaja ile ingine, ni kama kumwambia mtu aje achukue moja."

"Lakini huu ni waya."

"Najua ni waya. Na kule Elburgon ilikuwa magogo. Miaka yangu yote pale, mimi nahesabu, hakuna mtu gogo limelalia." Akatikisa kopo. "Nyumbani niko na watoto kenda kamili. Wote wazima. Nibadilishe nini?"

Sikumbishia. Kusema kweli nilitaka kumbusu. Tuliukunja waya pamoja, nikaenda mezani, nikafungua kitabu, na hapo nilimshukuru mwalimu wangu wa kombe, kwani alitufundisha neno likikosewa lipigwe mstari mmoja tu, lisikwanguliwe. Zile namba nilizozifuta zote zilisomeka chini ya mistari yake. Nikazirudisha moja moja mahali pake. Hamsini na nne zikawa sitini. Nikachora upya mistari yote mitatu, ya siku zote tatu. Pale mstari ulipokuwa umekunjika kwenye futi mia tatu na sitini, sasa ulikunjika kwenye mia nne. Na mia nne ndipo kitabu cha Sardarji kilipoandika kwamba mwamba ulipasuka na tope lake la kuchimbia likanywewa na ufa. Nilikwenda kumwonyesha. Aliweka kidole kwenye kitabu chake na kingine kwenye mstari wangu.

"Fundi ya rangi," akasema, "ukanda yangu hujakunja?"

"Sijakunja, Sardarji."

Jumatatu asubuhi tulikuwa wote gatini, tunangoja mashua ya kutupeleka kwenye chelezo. Nilimpa bwana kitabu na karatasi, nikaeleza tangu mwanzo, nikajikwaa, nikaeleza tena. Alipoelewa alicheka mpaka akavua miwani. Alinipiga bega. Akasema vipimo ni vizuri sana, shimo ni zuri, karani ni mzuri. Mabaharia wa mashua nao wakacheka, wakaanza kumwita mzee Kenda Kamili.

Kisha bwana akamgeukia. Hakuwa na ubaya, nataka hilo lijulikane. Alikuwa mtu wa kazi safi.

"Mzee, leo nasema kumi. Sawa?"

Mzee alitia kopo lake kwapani.

"Bwana," nikasema, "mimi nimeshamjua. Akiita kenda kamili nitaandika ya kumi. Haina shida."

"Kesho wewe ni mgonjwa, nakuja karani mwingine. Hapana. Kila mtu nasema moja, mbili, mpaka kumi. Hiyo ni sheria ya kazi." Akamgeukia tena, kwa upole, kama unavyomwambia mtoto ameze dawa. "Sema kidogo tu nisikie. Kumi."

"Sema, mzee!" wale wa mashua wakapiga kelele. "Kumi tu, haiumi!"

"Ama ni mzee ya kuogopa namba!"

Nilikuwa naweza kusema neno jingine. Nililijua hata neno lenyewe. Ningesema, bwana, tuandike ukutani, kenda kamili ni kumi, na karani yeyote atasoma. Lilifika mpaka menoni. Lakini kitabu changu kilikuwa kimepona dakika hiyo hiyo, bado kina joto la mkono wa bwana, na darasa langu la tatu lilikuwa limelala salama. Nikaona nisiliamshe. Nikatazama maji.

Mzee akamuuliza, "Bwana, wewe uko na watoto wangapi?"

"Wawili."

"Hao ni rahisi kuhesabu," akasema.

Alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye mashua. Akautoa. Akanipa ufunguo wa breki ya winchi, akanionyesha kwa kidole jino lililolegea ambalo lazima ulisukume kwanza ndipo likamate, mara mbili, mpaka nikaitikia nimeelewa. Akavaa koti lake. Bwana alidhani anakwenda kujisaidia, akaniambia tumngoje kidogo, na tukangoja, injini ya mashua inanguruma. Yeye alipita mahema, akapita kibanda cha Sardarji, akashika njia ya lami inayokwenda mjini Naivasha, mwendo wake ule ule wa juu ya waya, hatupi mguu ovyo, wala hakugeuka, wala hakurudi tena.